Picha Iko Ukutani, Habari Iko Mdomoni

Kuna neno linalorudi kila tunapokaa kujadili sanaa hapa kambini, iwe kwenye kikundi cha maigizo au kwa wale wanaochora. Linasema hivi: chini ya utawala wa kijeshi msanii ana njia mbili tu, asifu au afungwe. Vijana wanalipenda kwa sababu ni fupi na lina harufu ya ukweli. Wengi wetu tumezaliwa na wazazi waliokimbia watu wenye bunduki, hatuna haja ya kuelezwa bunduki inafanya nini. Lakini mimi naona neno hilo linawadhulumu wasanii wengi waliopita njia ya tatu. Na linatudhulumu sisi pia, maana linatuzoesha kuangalia picha mbio mbio: hii ya kusifu, hii ya kupinga, basi, twende.

Nataka kumleta mbele yenu mchoraji mmoja wa kwetu Congo, Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Alizaliwa mwaka 1947, wakati mji bado unaitwa Élisabethville. Hakuwa msanii wa majumba makubwa. Alikuwa fundi wa picha sawa na vile kuna fundi wa viatu: anachora, anatembeza, anauza, anakula. Wateja wake walikuwa wafanyakazi, makarani, watu wenye nyumba ndogo na ukuta mmoja mzuri. Kitambaa chake mara nyingi kilikuwa gunia la unga lililofunguliwa na kuvutwa kwenye fremu ya mbao. Nawaomba msilipite hilo la gunia. Sisi wa Nyarugusu tunajua gunia la unga ni nini: unga ukiisha linakuwa pazia la bafu, linakuwa mkeka, linakuwa begi la shule. Kwa Tshibumba lilikuwa historia ya nchi.

Nasema historia ya nchi na sitanii. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zaidi ya 100, kuanzia wafalme wa zamani kabla ya wazungu, akapita kwa Wabelgiji, uhuru, vita vya Katanga, mpaka siku za Mobutu, na mwisho akachora hata siku zijazo kama alivyoziona kichwani mwake. Alizichora kwa ajili ya mtafiti mmoja, Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu pale Lubumbashi. Walikaa pamoja, kinasa sauti kimewashwa, Tshibumba akaieleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili. Fabian alitoa kitabu mwaka 1996, kwa Kiingereza. Picha zenyewe ziko kwenye makumbusho Amsterdam. Mimi nimeziangalia kwenye simu, nikizikuza kwa vidole viwili. Kwa hiyo sitasema mengi juu ya rangi. Nitasema juu ya kinachoonekana na kisichoonekana.

Alikuwa anachora chini ya nani

Mobutu alichukua nchi tarehe 24 Novemba 1965, akiwa mkuu wa jeshi. Miaka michache baadaye alivaa kofia ya chui na kuacha magwanda kwa siku za kawaida, lakini msingi haukubadilika: nchi ilishikwa na jeshi na watu wa usalama. Mwaka 1967 kikaanzishwa chama chake, MPR, na baadaye kila Mzaire alihesabiwa mwanachama, atake asitake. Nchi ikaitwa Zaire mwaka 1971. Mwaka 1972 watu wakaambiwa waache majina ya Kikristo. Kwenye televisheni, kabla ya taarifa ya habari, sura ya rais ilishuka kutoka mawinguni.

Ukisoma hayo unaweza kudhani udhibiti wa sanaa ulikuwa ofisi moja yenye karani na muhuri. Ofisi ilikuwepo, ndiyo. Tume ya kuchunguza nyimbo iliyozaliwa katika zama hizo ipo mpaka leo Kinshasa. Novemba 2021 ilizuia wimbo wa kundi la MPR (angalieni wenyewe jina walilojichagulia vijana hao), kisha kwa kelele za watu ikauachia haraka. Lakini kazi kubwa haikufanywa na muhuri. Ilifanywa na mfano.

Juni 1966, mbele ya umati mkubwa Kinshasa, wanasiasa wanne walinyongwa hadharani, mmoja wao Évariste Kimba aliyekuwa waziri mkuu. Franco, mwanamuziki ambaye hata wadogo wa hapa wanamjua kwa sababu ya redio za wazee, alitoa wimbo uitwao Luvumbu Ndoki, juu ya mchawi anayewala watu wake. Rais hakutajwa. Watu walielewa, na serikali ikaelewa, wimbo ukaondolewa sokoni. Huo ndio mfano. Baada ya hapo hakuna haja ya kumtuma askari kwa kila mwenye gitaa. Kila mmoja anajiwekea askari wake ndani ya kichwa, anamlisha, anamlaza.

Sasa fikirini tofauti ya wimbo na picha. Wimbo una maneno, una redio, una sahani zilizochapwa kwa mamia. Ukishikwa, umeshikwa na ushahidi wake. Picha ya gunia ni moja. Haisemi. Inakaa ndani ya nyumba ya mtu. Mtu anaweza kudhani kwamba imejificha. Lakini nyumba za kwetu hazina siri ya hivyo: jirani anaingia, mjomba anaingia na rafiki yake, kijana wa chama anaingia kuuliza mbona hukuja kwenye dansi ya kumpongeza rais. Picha ya sebuleni ni picha ya hadharani. Anayeitundika anajibu kwa ajili yake.

Papa mmoja wa zoni yetu aliyekulia Kalemie aliniambia hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mtoto yangu, picha kama zile zilikuwa ku salon ya baba. Mugeni akiingia, anaangalia, ananyamaza. Akikuwa mutu wa kutumainika, baba ananza kumuelezea. Akikuwa hapana, baba anasema ni picha tu, njo tuliikuta sokoni."

Nadhani hapo Papa ametoa funguo ya jambo zima. Picha iko ukutani, habari iko mdomoni. Ukutani inakaa nusu inayoweza kuonwa na kila mtu. Nusu nyingine inakaa na mwenye nyumba, naye anaamua ampe nani.

Tarehe kama pasi ya kupita

Chukueni picha ambayo ilipendwa kuliko nyingi Lubumbashi miaka ile, na ambayo Tshibumba na wenzake waliichora mara nyingi sana: Colonie Belge. Kuna uwanja wa ofisi au gereza, bendera ya Ubelgiji juu. Mfungwa amelazwa chini kifudifudi. Askari mweusi ameinua kiboko. Mzungu amesimama pembeni, wakati mwingine na kiko mdomoni, anasimamia. Wanawake wanaleta chakula cha wafungwa. Chini au juu kunaandikwa miaka, 1885 hadi 1959.

Jiulizeni: kwa nini mfanyakazi wa mwaka 1974, ambaye Wabelgiji wamemwondokea zaidi ya miaka kumi, atoe pesa yake anunue picha ya mtu anayechapwa, aitundike pale anapokula na watoto? Wengine watajibu kwamba ni kukumbuka mateso ya wazazi. Sawa, nakubali. Lakini angalia ni nani ameshika kiboko. Si mzungu. Ni mtu wetu, amevaa sare. Ondoa bendera, ondoa mzungu mwenye kiko, umebaki na nini? Umebaki na askari wa Kikongo anayempiga raia wa Kikongo huku familia yake inaangalia. Mtu wa Lubumbashi hakuhitaji kurudi mwaka 1959 kuliona hilo. Angelikuta kwenye kizuizi cha barabarani Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo ile miaka iliyoandikwa kwenye picha, 1885 hadi 1959, inafanya kazi mbili. Kwa mwanafunzi ni somo la historia. Kwa mwenye nyumba ni pasi. Afisa akiuliza, jibu limeshaandikwa kwa herufi kubwa: mzee, hii ni ya wakati wa Wabelgiji, na rais mwenyewe anasema ukoloni ulikuwa mbaya, au sivyo? Sisi wenye kuomba kibali cha kutoka kambini tunajua thamani ya karatasi yenye tarehe sahihi. Karatasi haisemi safari yako yote. Inasema kile kinachomtosha aliye getini.

Hapo ndipo naona ufundi wa wachoraji hao, na sipendi unapoitwa sanaa ya watu wasiosoma. Ni watu waliosoma vizuri sana. Walimsoma askari.

Lumumba na mtu ambaye hayumo

Picha ya pili ninayotaka tuisimamie ni ya kifo cha Lumumba. Hapa mambo ni magumu zaidi, kwa sababu serikali ya kijeshi haikukataza jina la Lumumba. Ilifanya kitu cha hatari kuliko kukataza: ilimchukua. Mwaka 1966 Mobutu alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Mobutu huyo huyo, aliyekuwa mkuu wa majeshi mwaka 1960, ndiye aliyetangaza tarehe 14 Septemba 1960 kwamba anawasimamisha wanasiasa, na ni askari wake waliomkamata Lumumba siku za mwanzo za Desemba mwaka huo. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba alipelekwa kwa ndege Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku huo wakauawa wote watatu porini, si mbali na Élisabethville. Tshibumba alikuwa mtoto wa miaka 13 au 14 katika mji huo huo.

Basi unamchoraje shujaa ambaye anayemsifu leo ni mmoja wa waliomkabidhi jana? Ukimchora akipungia watu mkono, umefanya kazi ya serikali. Ukichora aliyemkabidhi, hutaichora picha nyingine.

Tshibumba alichora miili mitatu imelala chini. Nyuma yao, kwa mbali, misalaba mitatu juu ya kilima. Damu inatoka ubavuni mwa Lumumba na kutiririka ardhini, na ile damu inaandika neno Unité, umoja.

Mtu wa chama akiangalia anaona neno la chama. Umoja! Kila hotuba ya rais ilijaa umoja. Mkristo akiangalia anaona Golgotha. Na yeyote aliyewahi kukaa kanisani Ijumaa Kuu anajua kwamba Golgotha ina watu wengine ambao kwenye picha hii hawakuchorwa. Kuna aliyebusu. Kuna aliyelipwa. Kuna aliyenawa mikono. Kuna askari waliopigia kura nguo. Mchoraji hakuwachora, lakini ameitundika misalaba, na misalaba inawaita. Mgeni anayekaa mbele ya picha hiyo dakika tano lazima ajiulize kimoyomoyo: kama huyu ni Yesu, Yuda ni nani? Na Pilato, anakaa wapi siku hizi?

Hakuna sheria ya udhibiti inayoweza kumfunga mtu kwa swali ambalo mtazamaji amejiuliza mwenyewe. Ndiyo maana nasema kuna njia ya tatu.

Lakini mhakiki asiwe mpiga makofi tu, na mimi nina malalamiko mawili. La kwanza: ukimfanya mwanasiasa kuwa Yesu, unamwondoa kwenye hoja. Lumumba alikuwa na maamuzi, alikuwa na makosa, alikuwa na wapinzani waliokuwa na sababu zao. Msalaba unafuta yote hayo. Unampa mtazamaji machozi na unamnyima mjadala, na serikali za kijeshi hazijawahi kuogopa machozi kama zinavyoogopa mjadala. La pili: historia ya Tshibumba karibu yote ni ya wanaume wenye vyeo. Kwenye Colonie Belge wanawake wanaleta chakula na wanasimama. Ningependa kujua yule mama mwenye sufuria anafikiri nini. Yeye ndiye angerudi nyumbani na kusimulia. Tuseme ukweli, kambini humu nusu ya historia tunayoijua tumeipata kwa akina mama wakiwa kwenye foleni ya maji.

Lugha mbili za gunia moja

Kuna jambo lingine ambalo watu wa nje hawalioni haraka. Maandishi aliyoyaweka Tshibumba kwenye picha zake ni ya Kifaransa. Masimulizi yake ni ya Kiswahili.

Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi, ya shule, ya tangazo. Maneno yake kwenye picha ni mafupi na yana adabu: tukio fulani, mwaka fulani. Yamekaa kama kichwa cha sura kwenye kitabu cha shule, na ni nani atamkamata mtu kwa kichwa cha sura? Lakini alipofungua mdomo, alifungua kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile ambacho wenzetu wa Tanzania wakikisikia wanacheka kidogo, na ndani yake habari ikapata miguu: nani alisema nini, watu waliogopa nini, mimi nawaza nini. Lugha ya kwanza ilikuwa ya getini. Ya pili ilikuwa ya ndani.

Na hapa ndipo hoja yangu yote inapokaa. Tunapozungumza udhibiti tunafikiria picha iliyochanwa, kitabu kilichochomwa, mtu aliyefungwa. Yote hayo yapo. Lakini udhibiti unaodumu kuliko yote ni ule unaotenganisha picha na habari yake. Picha inaweza kubaki, nzima, imewekwa kioo, na watu wakaipita wakisema rangi nzuri. Ikishapoteza mdomo wake, askari hana shida nayo tena.

Habari za Tshibumba zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha zake zilitawanyika. Ule mfululizo mkubwa ulisafiri mpaka Ulaya, na maelezo yake yakatoka kwanza kwa Kiingereza. Angalieni ilivyokwenda: historia iliyochorwa kwa watu wa Lubumbashi, ikasimuliwa kwa lugha ya Lubumbashi, mtu wa Lubumbashi akiitaka inambidi apate viza. Silaumu makumbusho kwa kuitunza. Bila wao huenda gunia lingeoza au lingeuzwa. Na niseme pia jambo la kufurahisha: yale mazungumzo ya Kiswahili yaliandikwa neno kwa neno na yako kwenye intaneti bure. Nilipoyasoma nilisikia Kiswahili cha wazee wetu wa hapa wanaotoka upande wa Kalemie na Moba. Nusu ya mdomoni haijafa. Lakini inasubiri mtu wa kuisoma kwa sauti.

Je, kujificha ni woga?

Najua nitakachoulizwa, hasa na vijana wa rapu. Watasema: wewe unasifu ujanja. Picha ya mafumbo haikumwondoa Mobutu, alikaa mpaka 1997. Msanii wa kweli anasema wazi.

Hili si swali dogo kwetu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi na polisi, hali ambayo watu wanaiita état de siège, na raia wakawa wanapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Delcat Idengo, mwanamuziki wa kutoka upande wa Beni, aliimba wazi kabisa, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto anaelewa. Alifungwa zaidi ya mara moja. Alitoka gereza la Munzenze wakati Goma inaanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na tarehe 13 Februari akauawa kwa risasi mjini humo. Nyimbo zake ziko kwenye simu za vijana wengi hapa, mnazijua.

Sitampima Idengo na Tshibumba kwenye mzani mmoja. Anayesema wazi na anayesema kwa fumbo wote wanajua bei. Ninachosema ni kwamba mtu wa tatu asiwachagulie. Mimi niliye salama kiasi hapa Kigoma sina haki ya kumwambia aliye Goma au Bunia, wewe mbona unachora ua? Huenda lile ua lina mwaka pembeni. Huenda lina misalaba nyuma. Kazi yangu ni kuangalia vizuri kabla ya kuita mtu mwoga.

Na sisi hapa

Sasa niseme la kwetu, na nawaomba ndugu zetu wa mashirika wasome kwa utulivu, maana naandika kama mtu anayefanya kazi pamoja nao.

Kambi si utawala wa kijeshi. Nisieleweke vibaya. Hapa hakuna anayenyongwa kwa wimbo. Lakini lile jambo la kutenganisha picha na mdomo wake, hilo linaweza kutokea hata pasipo askari, tena kwa nia njema.

Kila mwaka ikikaribia tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, vijana wanaombwa picha. Mwaka mmoja kijana katika kikundi chetu alichora mto, na kwenye mto mtumbwi, na ndani ya mtumbwi watu wamekaa wamegeuka nyuma wote, hakuna anayeangalia mbele. Picha ilikuwa kali. Nilimuuliza, akaniambia kwa dakika ishirini kwa nini wamegeuka. Waliokuja kuchagua walikuwa watu wema, wakasema: imechorwa vizuri, ila tunatafuta zenye matumaini zaidi. Ikachaguliwa ya njiwa. Mwaka uliofuata nilipowapa vijana magunia na rangi, njiwa walikuwa saba. Hakuna aliyekatazwa kitu. Hakuna barua, hakuna muhuri. Wamesoma mlango uko wapi, wakapita.

Hao njiwa saba wananisumbua. Tshibumba alipoweka mwaka 1959 kwenye picha yake alikuwa na habari nyuma yake, na alijua ampe nani. Nikiwauliza watoto wangu habari ya njiwa, wananijibu: ni matumaini, chef. Basi. Nyuma hakuna kitu. Pasi imebaki, msafiri hayupo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na yote hayana gharama kubwa.

La kwanza, picha isitundikwe peke yake. Kama inaonyeshwa, mchoraji asimame karibu nayo na aeleze, kwa lugha ya nyumbani kwake, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Kiswahili cha vyovyote. Anayetafsiri atafsiri baadaye. Tshibumba hakuambiwa aeleze kwa maneno hamsini.

La pili, mchoraji mwenyewe ndiye aamue nusu ipi itoke. Hili ni zito, tusilichukulie kimchezo. Humu ndani wamo watu ambao habari ya picha yao ingewatambulisha kwa waliowakimbia. Yule baba wa Kalemie aliyesema "ni picha tu" hakudanganya sanaa, alilinda nyumba. Basi tukiuliza na mtu akanyamaza, tusimbane, na tusiandike chini ya picha yake maneno ambayo hakusema. Kunyamaza kwake kuna habari ndani yake. Lakini kumwomba achore kicheko ni kitu kingine kabisa.

La tatu ni letu sisi vijana. Wazee waliokuwa na Colonie Belge ukutani wanaondoka. Mwaka huu tu tumezika wangapi? Kila mmoja anajua picha ilikuwa upande gani wa sebule na baba yake alisema nini mgeni akishatoka. Hakuna makumbusho yenye hiyo nusu. Tuna simu, tuna kinasa sauti ndani yake, tuna jioni ndefu zisizo na kazi. Kikundi chetu kitaanza kuwasikiliza zoni kwa zoni, na anayetaka kujiunga aje kwenye banda la vijana Jumamosi baada ya mpira. Aje na swali moja tu la kuanzia: ukutani kwenu kulikuwa na picha gani?